Kichomi, Mkazo na Kuchanika: Istilahi za Maumivu ya Mbavu na Mgongo wa Mwanariadha

Katika tafsiri za vijitabu vya huduma ya kwanza na vya elimu ya michezo tumekuwa tukikutana na istilahi "mkazo wa misuli", ikikusudiwa kutaja lile jeraha linalompata mwanariadha pale nyuzi za msuli zinapovutwa kupita uwezo wake. Mfasiri aliyeitumia mara ya kwanza bila shaka alitazama neno la kigeni, akaona lina maana nyingi, akachagua ile iliyokuwa karibu. Sisi tunaona kwamba alichagua vibaya, na kwamba kosa hilo limevuka mipaka ya lugha likaingia katika mwili wa mtu.

Kukaza ni kufanya kitu kisilegee. Twakaza kamba, twakaza mwendo, twakaza uzi. Mwanafunzi wa isimu anajua mkazo wa silabi, nao pia ni nguvu inayoongezwa mahali fulani. Kwa hiyo mwalimu wa michezo asomapo kwamba mkimbiaji wake ana mkazo wa misuli ya mbavu, huelewa kwamba misuli imekuwa migumu. Na kitu kigumu hulainishwa: huchuliwa, hukandwa kwa maji ya moto, hunyooshwa. Lakini msuli uliojeruhiwa kwa namna tunayoizungumzia haukukaza. Umevutwa hadi baadhi ya nyuzi zake zimeachana. Kuuchua kwa nguvu na kuunyoosha siku ya kwanza ni sawa na kuchukua nguo iliyoanza kuchanika na kuivuta pande mbili ili inyooke.

Tumechagua kulitazama jambo hili kwa macho ya watu wa Karatu na Ngorongoro, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni riadha yenyewe. Mji wa Karatu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara iendayo kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro hupanda mpaka zaidi ya mita 2,200. Katika mwinuko huo kanieneo ya hewa hupungua kwa karibu robo ikilinganishwa na pwani, na mkimbiaji hulazimika kupumua kwa kasi na kwa kina zaidi ili kupata oksijeni ileile. Anayepanda mlima huo kwa mbio huzifanyisha kazi mbavu zake kama vile anavyoifanyisha kazi miguu yake. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, huku akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, akaivunja na ile ya maili moja. Mkimbiaji wa aina yake, asiyemruhusu mwenzake kumkinga upepo hata kwa mzunguko mmoja, huonyesha wazi kwamba mbio ni kazi ya kifua.

Sababu ya pili ni lugha. Hakuna sehemu nyingi za Afrika ambapo lugha za asili tofauti kabisa zinakaribiana kama huku. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi; Kidatooga na Kimaasai ni vya Kiniloti; Kihadza, kando ya Ziwa Eyasi, hakijathibitika kuwa na ndugu; nao wasemaji wa lugha za Kibantu wamehamia kwa wingi kufanya biashara, kulima na kutumikia serikali. Mkimbiaji aliyelelewa kwa Kiiraqw anapomweleza muuguzi aliyelelewa kwa Kihaya jinsi ubavu wake unavyouma, wote wawili wanatumia Kiswahili ambacho si lugha ya mama zao. Hapo hakuna ishara za nyumbani za kusaidia. Lililosemwa ndilo litakaloandikwa kwenye kadi, na lililoandikwa ndilo litakalotibiwa.

Basi tuanze na neno ambalo mkimbiaji huyo atalitamka kwanza, nalo ni kichomi.

Kichomi ni neno zuri. Limetoka katika kitenzi choma, na kila mtu aliyewahi kuhisi maumivu ya aina hiyo analitambua mara moja. Lakini watumiaji wamelitwika mizigo minne. Kwanza, ni yale maumivu ya ghafla chini ya mbavu yampatayo mtu anapokimbia, hasa akiwa amekula au kunywa karibuni. Hayo huisha kwa dakika chache akipunguza mwendo. Pili, ni maumivu yoyote makali ya ubavuni yanayozidi mtu avutapo pumzi. Tatu, ni ugonjwa wa utando unaoyafunika mapafu. Nne, na hii ndiyo maana inayomjia muuguzi wengi wao, ni nimonia. Mtoto akiletwa zahanati akisemwa kuwa ana kichomi, muuguzi hahitaji kuuliza sana: atahesabu pumzi zake, atasikiliza kifua, atampima homa.

Sasa mchukue mrusha mkuki wa shule ya sekondari aliyejipinda vibaya akirusha. Usiku ubavu wake wa kulia unamchoma kila akohoapo. Asubuhi anasema ana kichomi. Ikiwa ni mwezi wa Julai, Karatu kuna baridi na vikohozi ni vingi, basi yawezekana kabisa akaondoka na dawa za kuua vijidudu ambavyo hana, kisha kesho yake akarudi uwanjani kurusha mkuki, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba msuli wake umechanika. Kinyume chake ni hatari zaidi. Mkimbiaji mwenye nimonia inayoanza anaweza kumwambia mwalimu wake kwamba ana kichomi, na mwalimu, akiwa na ile maana ya kwanza akilini, akamwambia apunguze mwendo kidogo kisha aendelee.

Hatupendekezi neno kichomi lifutwe. Maneno ya watu hayafutwi kwa azimio. Tunalopendekeza ni kwamba katika maandishi ya kitaalamu kichomi kibaki kuwa jina la hisia, yaani maumivu ya kuchoma ubavuni, na kamwe kisitumike kuwa jina la ugonjwa. Ugonjwa wa mapafu uitwe nimonia, neno ambalo limekwisha kuzoeleka. Anayejaza fomu aandike "kichomi" mahali pa dalili, halafu aulize maswali yanayofuata.

Maswali hayo si mengi, na yafaa mwalimu ayajue kama anavyojua kuhesabu muda. Maumivu yalianza kwa tendo gani? Jeraha la msuli aghalabu lina saa na tendo: nilirusha tufe, nilijipinda, niliteleza nikajizuia kwa mkono. Je, mtu anaweza kuweka kiganja chake pale panapouma, na pakibonyezwa panauma zaidi? Akiinua mkono, akijipinda, akipiga chafya, maumivu yanaongezeka? Hayo yote yanaelekeza kwenye msuli. Lakini pakiwa na homa, makohozi, pumzi za haraka au damu katika kikohozi, hilo si la mwalimu tena. Pakiwa na kubanwa katikati ya kifua, maumivu yakatambaa kwenda mkononi au kwenye taya pamoja na jasho la baridi, mgonjwa apelekwe hospitali bila kusubiri hata kama ni kijana. Na ikiwa maumivu hayakuanza kwa tendo moja bali yameongezeka polepole kwa majuma kadhaa, nayo yapo mahali padogo pa kufunikwa na ncha ya kidole, juu ya mfupa wenyewe, basi huenda ubavu umepata ufa kwa kurudiarudia kazi ileile. Jambo hili linajulikana sana kwa wapiga makasia na warushaji.

Liko pia lile maumivu ya mshipi upande mmoja wa kifua, yanayotangulia vipele kwa siku chache, ambayo watu wetu wameyaita mkanda wa jeshi. Hatujui kamati yoyote ya istilahi ambayo ingebuni jina bora kuliko hilo. Linasema mahali, umbo na ukali kwa maneno mawili tu na kiunganishi.

Neno la pili lenye matatizo ni mshipa. Katika mazungumzo ya kila siku mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni ukano, na mara nyingine ni msuli wenyewe. Tena kuna ugonjwa wa mshipa, ambao ni jambo la sehemu nyingine kabisa ya mwili. Mwanariadha asemapo "mshipa umevutika" anaweza kuwa anamaanisha chochote kati ya hivyo. Shule zetu zimejitahidi: neva, ateri na vena zimekwisha kukaa katika vitabu vya biolojia. Tunasihi watafsiri wasirudi nyuma. Panapokusudiwa msuli, iandikwe msuli. Na umoja wake ni msuli, wala si "misuli mmoja" kama tusikiavyo mara kwa mara redioni.

Tukiwa redioni, tuseme na hili. Watangazaji wa mpira wamelipa taifa istilahi moja iliyo hai, "nyama za paja", ambayo kila shabiki anaielewa: mchezaji ameumia nyama za paja, atakuwa nje kwa majuma matatu. Sisi hatuoni ubaya wowote katika kuiita misuli nyama pale msemaji anapozungumza na umma, na mwalimu anayesema "nyama za baina ya mbavu" ataeleweka Karatu, Endulen na Mto wa Mbu bila mkalimani. Lakini watangazaji haohao wanatuletea "mchezaji ana majeruhi ya goti". Majeruhi ni mtu. Aliyejeruhiwa ni majeruhi. Alicho nacho ni jeraha. Kosa hili limekwisha kuingia katika barua za ofisi za michezo, na watumishi wanaoziandika wanaweza kulisahihisha kwa kalamu moja.

Sasa tulitafutie jeraha lenyewe jina. Matabibu hugawa jeraha la msuli katika ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza ni nyuzi chache tu zilizoumia. Msuli unauma lakini nguvu yake ipo. Katika ya pili nyuzi nyingi zimeachana. Kuna maumivu makali, nguvu imepungua, na pengine damu huvilia chini ya ngozi. Katika ya tatu msuli umeachana wote. Tulipoitazama migawanyo hii tuliona kwamba wasemaji wa Kiswahili tayari wanavyo vitenzi vitatu vinavyopanda ngazi zilezile: kuvutika, kuchanika, kukatika. Hakuna haja ya kubuni chochote. Msuli umevutika, msuli umechanika, msuli umekatika. Mwanafunzi wa darasa la tano atajua lipi ni zito kuliko lipi, na hilo ni jambo ambalo "mkazo wa ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu" haliwezi kulifanya hata likirudiwa mara mia.

Tunatambua kwamba wako wenzetu watakaotaka nomino: mvutiko, mchaniko, mkatiko. Kanuni za uundaji wa maneno zinaruhusu. Lakini tuna shaka na tabia ya kugeuza kila kitenzi kuwa nomino ya m- na -o kana kwamba ndiyo sare ya usomi. "Kuchanika kwa msuli wa mbavu" ni istilahi kamili. Panapotakiwa jina la jumla lisilotaja ngazi, "jeraha la msuli" latosha.

Vitenzi vingine viwili vitengwe na hivi vitatu. Kuteguka ni kwa kiungo: kifundo cha mguu, goti, bega, kinachoumia hapo ni ligamenti au mkao wa mifupa, na msuli hauteguki. Kukakamaa ni pale msuli unapojikaza wenyewe na kukataa kulegea kwa muda, kisha ukalegea. Hapo, na hapo tu, ndipo neno la kukaza lina haki yake.

Mfano ulio wazi wa tofauti hizi tunao katika historia yetu wenyewe. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake hadi miaka ya 1990, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Misuli yake ilikakamaa kwa sababu ya mwinuko. Baadaye, katika kugombea nafasi barabarani, alianguka. Goti lake likateguka, na bega likagonga sakafu ya barabara. Alimaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, wakati watu 75 walianza. Kisa hiki husimuliwa mashuleni kwa neno moja tu, "aliumia". Kwa shairi la kizalendo neno hilo latosha. Kwa mwalimu wa elimu ya michezo kuna mambo matatu humo, kukakamaa, kuteguka na kugongwa, na kila moja lina matibabu yake.

Hapo ndipo tunapofikia istilahi za matibabu, ambako makosa hugharimu zaidi. Kitenzi kukanda kina maana mbili: kubonyezabonyeza mwili kwa mikono, kama ukandavyo unga, na kuweka kitambaa chenye maji ya moto. Kuchua ni kusugua, aghalabu kwa mafuta au dawa. Kijitabu kinaposema "mgonjwa akandwe", kila mtu atafanya lake. Katika siku mbili za kwanza msuli uliochanika haufai kufanyiwa lolote kati ya hayo. Wakati huo kinachofaa ni ubaridi: barafu iliyofungwa katika kitambaa, au kitambaa kilicholoweshwa maji baridi sana, kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, bila barafu kugusa ngozi. Joto lina nafasi yake baadaye, uvimbe ukishatulia. Kwa hiyo tunashauri waandishi watenge: kukanda kwa maji ya moto, kukanda kwa baridi, na kuchua. Kitenzi kukanda kisiachwe peke yake katika maandiko ya tiba. Na pakiwa na shaka ya ubavu wenye ufa, pasiguswe na mchuaji yeyote, hata awe na sifa namna gani.

Hali kadhalika neno kufunga. Ni desturi ya zamani kumfunga mwenye maumivu ya mbavu kwa khanga au bandeji, akazungushiwa kifua kizima mpaka akapata nafuu. Nafuu hiyo hupatikana kwa sababu kifua hakitanuki tena, na humo ndimo madhara yalimo: sehemu za chini za mapafu hubaki bila hewa ya kutosha, na nimonia hupata mlango. Aliyeanza na msuli akaishia na kichomi kile cha nne. Maelekezo ya siku hizi ni kinyume: mgonjwa apewe kitu cha kupunguza maumivu, kama parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, kisha avute pumzi za kina kama kumi kila saa awapo macho; na akitaka kukohoa aukumbatie mto ubavuni ili maumivu yapungue.

Kisha liko neno pumzika. Asili yake ni pumzi, na kwa jeraha hili maana hiyo ya kale ni bora kuliko ya sasa. Maandiko ya kigeni yanamtaka mwanariadha aache yale matendo yanayomuumiza, huku akiendelea na yale yasiyomuumiza. Mfasiri anaandika "apumzike", na mkimbiaji analala kitandani majuma mawili. Tunapendekeza "apunguze mzigo" au "aache kurusha, kujipinda na kuinua vitu vizito; atembee". Mrusha mkuki mwenye msuli uliovutika anaweza kutembea siku ya pili na kukimbia polepole baada ya siku chache, maadamu anavuta pumzi bila maumivu. Kurusha ni jambo la mwisho kurudi. Msuli uliovutika kwa kawaida hupona ndani ya juma moja hadi matatu. Uliochanika huhitaji majuma matatu hadi manane. Uliokatika, ambao kwa mbavu ni nadra, ni suala la miezi na la daktari. Kwa anayefanya mazoezi Karatu kuna hatua moja zaidi: arudie kwanza mbio za tambarare, na mlima wa kwenda Ngorongoro ungoje mpaka aweze kupumua kwa nguvu zake zote bila kushika ubavu.

Tumesema zaidi juu ya mbavu, na mgongo tunaupitia kwa haraka, kwa kuwa tatizo lake ni moja tu: mahali. Mtu wetu asemapo mgongo unauma, mara nyingi mkono wake huenda kiunoni. "Mgongo wa juu" ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo haijatia mizizi, na "uti wa mgongo unauma" humfanya msikilizaji afikirie ile homa ya hatari yenye jina hilo. Misuli inayoumia hapa, hasa kwa warushaji na kwa wakimbiaji wanaopandisha mabega wakichoka, ni ile inayounganisha uti wa mgongo na makombe ya mabega. Madaktari wataiita trapezi na romboidi, na waiite. Katika kitabu cha mwalimu iandikwe "misuli ya baina ya makombe ya mabega", naye mwalimu atawaambia wanafunzi wake kwamba kila mwanariadha amezaliwa na makombe mawili kabla hajashinda hata moja.

Vivyo hivyo kwa misuli ya mbavu. Binadamu ana jozi 12 za mbavu, na kila upande una nafasi 11 baina yake, ambazo zimejazwa misuli ya matabaka: ya nje husaidia kuvuta pumzi ndani, ya ndani husaidia kuitoa kwa nguvu. Tungeweza kuunda neno moja, "misulibavu", na pengine lingependeza katika jedwali. Lakini mkimbiaji wa Rhotia angeliuliza maana yake, na jibu lingekuwa "misuli ya baina ya mbavu". Basi tuanze na jibu.

Kwa walio na fomu za rufaa mezani, sentensi tunayoipendekeza ni ya namna hii: "Kichomi ubavu wa kulia tangu jana, kilianza aliporusha mkuki, hana homa wala kikohozi, panauma pakibonyezwa, inadhaniwa msuli wa baina ya mbavu umechanika, asichuliwe wala asifungwe kifua."